Mgeni Rasmi wa Baraza la Lango

Hapo zamani, na zamani yenyewe haiko mbali kama mnavyodhani, mbuga ya Utimbe ilikosa mvua misimu miwili mfululizo. Mito ikabaki mchanga mtupu. Nyasi zikawa na rangi ya mkate uliosahauliwa jikoni. Kilichobaki ni bwawa moja tu, lililojengwa na wahenga kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na mbele yake lango la ubao wa mninga. Ubao ukiinuliwa, maji hutoka kwenda kwenye mabirika ya wanyama. Ukiteremshwa, hukoma. Kipimo kilikuwa vidole vya Nyani, bawabu wa lango: kidole kimoja, viwili, vitatu, hadi vitano.

Kila mwezi ulipoandama, Baraza la Lango lilikaa kuamua ubao uinuliwe vidole vingapi. Mwenyekiti alikuwa Simba, Gavana wa Bwawa, ambaye kiburi chake kilitangulia kufika kikaoni na kilichelewa kuondoka. Naibu wake alikuwa Fisi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona kitu akasema kinatosha. Wajumbe wengine walikuwa watatu: Nyumbu, aliyekwenda walikokwenda wengine, Ngiri, mwenye moyo safi na mdomo usio na mlango, na Kobe, aliyepima maji kila asubuhi kwa kuingia bwawani mwenyewe na kuangalia yamemfika wapi.

Katibu alikuwa Bi Sungura. Hakuwa na kura. Alikuwa na kalamu, ratiba na masikio.

Neno la Gavana lilikuwa zito kuliko ubao wenyewe. Akisema tu, "Tunaiangalia hali," swala walianza kuficha maji vibuyuni. Akikohoa njiani, bei ya kata moja ya maji ilipanda kabla hajafika nyumbani. Siku moja alipiga chafya, na nyumbu mia mbili wakahama.

Ndani ya kikao mambo yalikuwa mepesi. Simba aliingia, akakaa, akalamba masharubu, akataja idadi. "Vitatu." Fisi akasema vitatu ni busara. Ngiri akasema hata yeye aliota vitatu. Nyumbu akasema ndiyo. Kobe alikuwa bado anavuta pumzi ili aanze kusema vipimo vya asubuhi, na Simba akamwambia, "Ahsante, Kobe, tumepokea." Kisha Bi Sungura akaandika kwenye muhtasari: *Baada ya majadiliano ya kina, Baraza liliafiki.* Majadiliano ya kina yalichukua muda wa kujikuna sikio.

Fisi alikuwa wa kwanza kuugundua uzuri wa utaratibu huo. Kama Gavana husema kwanza, na akishasema wote huitikia, basi Baraza halina wajumbe watano. Lina masikio mawili, ya Simba, na anayeyapata masikio hayo jioni ya kuamkia kikao ndiye mwenye lango. Kwa hiyo kila kikao kilipokaribia, Fisi alipita kwa Simba na ubavu wa nyama na maneno laini.

"Mheshimiwa, watani zetu wa ng'ambo wanacheka. Wanasema, Gavana gani huyu, lango lake jembamba kama jicho la mgonjwa?"

Simba hakupenda kuchekwa. Lango likatoka vidole viwili hadi vitatu, mwezi uliofuata vinne. Sasa kilikuwa kimebaki kikao cha kesho, na mbuga nzima ilikuwa inanong'ona: vitano.

Bi Sungura alijua hesabu, kwa maana alimsikiliza Kobe hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya. Kwa vidole viwili, maji yangefika vuli. Kwa vitano, yangekwisha baada ya siku ishirini na tano, na vuli ilikuwa mbali zaidi ya siku sitini. Wenye miguu mirefu wangehamia Mto Mkuu, nje ya mbuga, mwendo wa siku tatu juani. Bi Sungura alikuwa na watoto wanne ambao hawajatimiza siku kumi. Mwendo wao mrefu kuliko yote ulikuwa kutoka tumboni mwake hadi mgongoni mwake, na hapo katikati walipumzika mara mbili.

Asubuhi ya siku moja kabla ya kikao alitoka kutafuta mizizi, akapita nyuma ya mabirika. Akaona jambo la ajabu: majani mabichi. Mstari mmoja tu wa majani mabichi, umenyooka kama umechorwa na rula, katikati ya nchi iliyoungua. Akapekua. Chini ya matawi makavu kulikuwa na mfereji. Akaufuata hadi nyuma ya kichuguu, na huko akakuta lambo limechimbwa, limesilibwa udongo vizuri, na maji yamefika nusu. Kando yake kulikuwa na nyayo, za mbele kubwa, za nyuma ndogo, na harufu isiyohitaji shahidi.

Hapo akaelewa. Kwa vidole viwili mabirika hujaa tu. Kwa vinne hufurika, na mafuriko yale yalikuwa yameshapangiwa pa kwenda. Bwawa la wote likikauka, Utimbe nzima ingepiga foleni kwa Fisi na kulipa anachotaka.

Mwingine angekimbia moja kwa moja kwa Simba. Bi Sungura alikaa chini akafikiri. Nyati aliwahi kumwambia Simba, "Mheshimiwa, umedanganywa." Ilikuwa kweli tupu, na Nyati yuko uhamishoni mpaka leo. Simba hakuchukia kudanganywa, alichukia kuambiwa. Tena, ushahidi wa katibu dhidi ya naibu gavana unapimwa kwa mizani gani? Fisi atasema lambo lilichimbwa na ngiri. Atasema amelichimba kwa ajili ya wajane. Atacheka kile kicheko chake, na kila mtu atacheka naye ili asionekane hakuuelewa utani.

Akatazama alichonacho mkononi. Ratiba ya kesho.

Akaenda kwa Gavana. Simba alikuwa amejilaza kivulini, mkia unapepea nzi ambao hawapo.

"Mheshimiwa, nimeleta ratiba."

"Ratiba ni ileile, Bi Katibu. Mimi nasema, wao wanaafiki, tunakwenda kula."

"Ndivyo, mheshimiwa. Ila kuna jambo la itifaki linanisumbua. Sijui hata kama nilitamke."

"Litamke."

"Kwenye arusi ya binti Pundamilia, nani alizungumza mwisho?"

"Swali gani hilo? Mimi. Nilikuwa mgeni rasmi."

"Na nani alizungumza mwanzo?"

"Yule mshereheshaji. Kanga. Alipiga kelele zake, kisha majirani, kisha wajomba."

"Yaani wadogo wanatangulia, mkubwa anamalizia."

"Hiyo hata mtoto anaijua."

Bi Sungura akainamisha masikio. "Sasa mimi nikiangalia ratiba ya Baraza letu, mheshimiwa, naona Gavana ndiye anayeanza. Anazungumza pale pale alipozungumza Kanga."

Mkia wa Simba ukasimama hewani.

"Nani aliyeupanga utaratibu huu?"

"Niliukuta."

"Miaka yote hii," Simba akasema polepole, "nimekuwa nawashereheshea?"

"Mimi sijasema hivyo, mheshimiwa."

"Ubadilishe. Kuanzia kesho mimi ni mgeni rasmi."

"Vyema sana. Na kwa kuwa mgeni rasmi hazungumzi kabla ya kusomewa risala, nipendekeze kila mjumbe asome yake fupi: idadi ya vidole, na sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ili mheshimiwa uwe na cha kujibu. Mgeni rasmi asiye na cha kujibu anaonekana kama amekuja kula tu."

Simba akaidhinisha kwa kugonga ukucha. Bi Sungura akatoka, na kwa heshima ya cheo cha naibu, nakala ya kwanza akampelekea Fisi kwa mkono wake mwenyewe, jua likiwa bado juu. Alitaka Fisi awe na muda wa kutosha.

Fisi akaisoma mara mbili. "Dada Sungura, ni nini hiki? Gavana anasema mwisho?"

"Mambo ya wakubwa, mheshimiwa. Mimi naandika tu."

Fisi akabeba ubavu wake akaenda mbio kwa Simba. Alirudi baada ya muda mfupi, ubavu bado mdomoni, masikio yamelala. Alikuwa amejaribu kusema kwamba wajumbe watapotea bila mwongozo, na Simba akamuuliza, "Kwa hiyo wewe unataka mimi niwe Kanga?"

Akabaki na njia moja. Kama Simba atasikiliza kwanza, basi anachokisikia kiwe vitano, vitano na vitano, hadi kimwingie kama wimbo. Alasiri yote Fisi alizunguka kwa wajumbe. Kwa Kobe alikaa kidogo tu, akaona ni kama kukamua jiwe. Kwa Nyumbu alikaa sana. Kwa Ngiri alikaa zaidi. Bi Sungura, akinyonyesha mlangoni mwa shimo lake, alimwona anapita huku na huku na vumbi nyuma yake. Hakumzuia.

Kesho yake Baraza likakaa. Simba aliwekewa kiti kimoja chenye majani mabichi, akaingia wa mwisho, wote wakasimama, na ukimpima kwa uso ungesema ndiye bwana arusi. Bi Sungura akafungua daftari.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Sasa risala. Tunaanza na Mheshimiwa Nyumbu."

Nyumbu hakuwahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote maishani. Akageuka kutazama aliye mbele yake. Hakuwepo.

"Mimi naunga mkono," akasema.

"Unaunga mkono nini, mheshimiwa?"

"Kilichosemwa."

"Hakijasemwa kitu bado."

"Basi nakiunga mkono kikija."

"Tunahitaji idadi."

Fisi akakohoa. Akakohoa tena. Alipofikisha kikohozi cha tano Nyumbu akang'amua. "Vitano."

"Na sababu?"

Nyumbu akatoka jasho. "Sababu nilikuwa nayo. Nilipewa jana."

"Taarifa, mheshimiwa mgeni rasmi," Fisi akaruka. "Mjumbe amechoka na safari. Sababu yake ni maendeleo."

"Maendeleo," Nyumbu akasema kwa shukrani, na Bi Sungura akaandika neno hilo kama lilivyo.

Kobe akafuata. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia ahsante kabla hajaanza. Akasema mwezi wa kwanza maji yalimfika shingoni akiwa amesimama, mwezi wa pili kifuani, na leo asubuhi yamemfika magotini. "Na magoti yangu mnayajua," akasema. "Vidole viwili. Zaidi ya hapo tunakunywa vuli kabla haijanyesha."

Simba akakunja uso. Hakuwahi kuyasikia haya, ingawa Kobe alikuwa ameyaleta kila mwezi.

"Mheshimiwa Ngiri," Bi Sungura akaita, akijua kwamba watoto wake wote wanne walikuwa sasa wamening'inia kwenye ulimi wa Ngiri.

Ngiri akasimama, mkia juu, furaha tele. Alipenda kusoma risala. "Mimi ni vitano, mheshimiwa mgeni rasmi. Na sababu yangu ninayo, sikuisahau. Hoja ya Kobe ni nzuri, bwawa litakauka, hilo kweli. Lakini likikauka mimi sina tatizo. Nimeshatengewa upande wa magharibi, ule wenye matope."

"Upande wa magharibi wa wapi?" Bi Sungura akauliza, kalamu tayari.

"Wa lambo la Mheshimiwa Naibu."

Nyumbu akainua kichwa. Sababu yake ilikuwa imemrudia. "Hapana, ndugu. Magharibi ni kwangu."

"Kwako ni mashariki."

"Mashariki kuna mwamba. Mimi aliniambia magharibi, na kivuli."

"Kivuli kaniahidi mimi."

"Wewe na kivuli wapi na wapi? Si unalala matopeni?"

"Matope yaliyo kivulini. Ndiyo raha yenyewe."

Wakageuka wote wawili kwa Fisi, si kwa hasira, bali kama majirani wanaomuuliza mwenye nyumba. "Mheshimiwa, hebu tuweke sawa. Magharibi ni ya nani?"

Huyo ndiye Fisi. Lambo zima lilikuwa lake, maji ya wizi, na hata katika kuahidi hakuweza kutoa pande mbili. Alikuwa ametoa upande mmoja mara mbili na mwingine akauweka akiba.

Simba akasema kwa sauti ya chini, "Lambo gani?"

"Ni mfano tu, mheshimiwa," Fisi akasema, na kicheko kikamtoka bila kuitwa. "Lambo la kifikra. Nilikuwa nawaelimisha."

"Lambo la kifikra," Kobe akauliza, "linajaa kwa vidole vingapi?"

"Hili lina maji," Ngiri akasaidia. "Nililionja. Nyuma ya kichuguu, ukifuata mfereji. Mnaelekea kama mnakwenda kwa shangazi yangu."

Bi Sungura akamtazama Simba na kuona anachokifanya ndani ya kichwa chake: anahesabu mbavu alizokula, na anaanza kufika kwenye jumla. Akifika mwisho ataona amefanywa mjinga mbele ya mashahidi watano, na Simba aliyeonekana mjinga humrarua aliye karibu. Aliye karibu alikuwa katibu.

Akafunga daftari kwa utaratibu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasema, "risala zimekwisha. Naona Mheshimiwa Naibu ametaka kukushtukiza kwa jambo jema, ila Ngiri amemtangulia. Ni kawaida mgeni rasmi kupokea kilichoandaliwa, kwa niaba ya wananchi, na kukizindua."

Simba alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Fisi kwa muda mrefu zaidi. Polepole manyoya ya shingo yakalala, kifua kikatanuka, na pale kitini akaonekana mtu aliyekuwa anajua kila kitu tangu mwanzo.

"Nilikuwa nasubiri kuona nani atasema," akasema. "Nimezisikia risala zenu. Lango ni vidole viwili mpaka vuli. Na lambo la Naibu wangu, alilolichimba kwa nguvu zake mwenyewe kwa ajili ya wanyama wadogo wasioweza kutembea, nalipokea. Fisi, simama tukupigie makofi."

Fisi akasimama. Miguu ya nyuma ilikuwa mifupi kuliko kawaida.

Jioni ileile Utimbe nzima ilikusanyika nyuma ya kichuguu. Kamba ya mmea wa kutambaa ilifungwa kutoka mti hadi mti, na Simba akaikata kwa ukucha mmoja, taratibu, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza wa nyuma hawakuona. Akasifu moyo wa kujitolea. Akamwinamia mfadhili Fisi sikioni, akitabasamu kwa ajili ya umati, akasema, "Mfereji utauziba mwenyewe. Kwa mkono wako. Leo." Kisha mfadhili akaitwa kutoa neno la shukrani.

"Itifaki imezingatiwa," Fisi akasema. Akatazama maji yake. Panya walikuwa wameshaingia hadi kiunoni, na sungura wanne wadogo walikuwa wanakunywa upande wa magharibi, kivulini. Akafungua mdomo, akaufunga. Wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

Cheo chake kilibaki. Ila toka siku hiyo kila alipoona foleni pale lamboni alilazimika kusimama mwisho wake, na kila aliye mbele yake aligeuka kumshukuru. Wanaosimulia habari hii husema adhabu ya mwizi ni kuporwa. Mimi nadhani Fisi angechagua kuporwa kuliko kushukuriwa.

Maji yakafika vuli, kwa shida, yakiwa chini ya magoti ya Kobe. Mvua ilianza mchana mmoja bila kumwarifu mtu. Simba akaagiza muhtasari uonyeshe kwamba ilinyesha kufuatia hotuba yake, na Bi Sungura akaandika hivyo, maana wino ulikuwepo.

Alipofika nyumbani aliwakuta watoto wamejibana mlangoni, wamekodoa macho. Walizaliwa kiangazi, hawakuwahi kuona maji yakitoka juu.

"Mama," akauliza wa mwisho, "nani kainua lango?"

"Hakuna, mwanangu."

"Vidole vingapi?"

Bi Sungura akatoa mkono nje, mvua ikamjaa kiganjani na kumwagika. "Hili halina baraza," akasema. "Kunywa."